Mlio wa Nne

Saa tatu kasoro robo asubuhi Inspekta alitia sahihi karatasi ya kumwachia huru mwanamke aliyemkamata kwa mkono wake mwenyewe. Jalada lilikuwa limerudi kutoka kwa mwendesha mashtaka na mstari mmoja tu wa wino mwekundu: hakuna ushahidi. Siku mbili nyuma alikuwa amempigia mkuu wake simu na kumwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwishanawa mikono, kwamba kesi ya diski za kituo cha utafiti imekwisha na mwizi yuko ndani. Sasa mkuu ndiye aliyempigia yeye. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kama ameona alichoandikiwa, kisha akakata simu. Heri angetukanwa.

Mwanamke yule alikuwa mtunza sauti wa kituo. Kazi yake ilikuwa kupokea diski zilizorekodiwa msituni, kuzisikiliza, kuandika kwenye orodha kila kilichosikika na dakika yake, kisha kuzifungia kabatini. Kabati lilikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikuwa wake. Diski kumi na nne zilipotoweka na kufuli likakutwa zima, Inspekta hakuona sababu ya kujichosha. Alimhoji saa nne mfululizo. Mwanamke alijibu kila kitu bila kusitasita, mpaka alipoulizwa ni nani angefaidika mlio wa nne, ule wa tumbili uliokuwa kwenye diski hizo, ukipotea. Hapo alinyamaza kama aliyemwagiwa maji, akainamia meza, asifungue kinywa tena. Inspekta, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili ya kusoma nyuso za watu, aliusoma ukimya ule akasema: hatia hii.

Sasa alikuwa amesimama naye kaunta, akimrudishia mkoba, simu na mkanda wa gauni. Mwanamke aliuliza jambo moja tu, kama baba yake alikuja kumwona. Inspekta alimwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, akajifunga mkanda, akatoka. Mlango ukajifunga kabla Inspekta hajamwomba samahani.

Baba yake huyo alikuwa anafanya kazi kituo kile kile. Alikuwa mfuata nyayo, mtu wa kuamka kabla ya jua na kuliandama kundi la tumbili kutwa nzima ili watafiti wajue lilipo. Kwa uchache wa maneno yake watu walimbandika jina la Kimya, likamganda. Siku zote mbili ambazo binti yake alikuwa mahabusu, mzee Kimya hakukanyaga polisi. Kituoni walisema amefedheheka, kuzaa mwizi si jambo dogo, mwacheni. Inspekta naye alikuwa amesema hivyo hivyo.

Alimwita koplo wake, mwanamke kijana aliyekuwa pia dereva, wakarudi kituo cha utafiti kuanza moja.

Profesa aliwapokea kwenye chumba cha sauti bila kuwakaribisha viti. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alimwambia Inspekta kwamba amemnyang'anya mfanyakazi wake bora siku mbili, na kwamba wageni wanafika keshokutwa. Inspekta aliinamisha kichwa, akaomba aelezwe upya kuhusu huo mlio, pole pole, kama anavyoelezwa mtu asiyejua kitu. Mara ya kwanza alikuwa amesikiliza kwa sikio moja.

Profesa akaketi. Tumbili, alisema, wana milio mitatu ya hatari ambayo kila mtafiti anaijua: wa chui, wa tai na wa nyoka. Ukilia wa chui, wote juu mtini. Ukilia wa tai, wote kichakani. Ukilia wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi. Lakini milio yote mitatu ni ya kitu kilichopo pale pale, mbele ya macho. Miaka tisa iliyopita yeye alinasa wa nne. Anayelia yuko ndani ya kichaka, haonekani, hakuna hatari yoyote, na kundi zima linakusanyika kumwendea. Ni kama kusema, njooni, kuna kitu huku msichokiona.

"Unaelewa maana yake?" alisema Profesa. "Kuzungumzia kitu ambacho msikilizaji hakioni. Hapo ndipo maneno ya binadamu yalipoanzia. Huo mlio ni kizingiti cha mlango, na mimi ndiye niliyeuona."

Wageni wa keshokutwa walikuwa wanakuja na mitambo mipya. Walitaka diski zenyewe za asili, si nakala, ili wapime umbo la koo lililotoa ile sauti.

Inspekta aliomba orodha. Ilikuwa daftari kubwa lenye mwandiko wa duara uliopangika, wa mtunza sauti. Alivuta kiti, akachukua karatasi yenye tarehe za diski zilizoibwa, akaanza kulinganisha moja baada ya nyingine huku koplo akimsomea. Kabati lilikuwa na diski zaidi ya mia mbili. Mwizi wa kuuza angebeba zote, au angebeba mpya. Huyu alichagua. Diski ya kwanza, mlio wa nne, dakika ya kumi na mbili. Ya pili, mlio wa nne, mara mbili. Zikaenda hivyo mpaka ya kumi na tatu.

Ya kumi na nne haikuwa na mlio wa nne. Orodha ilisema: kinasa kimeingia maji, mngurumo tu, hakuna kinachosikika.

"Soma tena," Inspekta alisema.

Koplo akasoma tena. Inspekta alisukuma kiti nyuma, akatazama dirisha kwa muda. Mtunza sauti ndiye aliyeandika orodha ile. Alijua fika kwamba diski ile ni bovu. Kama angekuwa yeye anayeficha mlio wa nne, asingejisumbua nayo. Akamgeukia Profesa, maana kwa nusu saa nzima alikuwa amemweka naye kwenye mizani. Mtu ambaye jina lake lote limesimama juu ya mlio mmoja anaweza kuogopa mitambo ya wageni. Lakini Profesa naye aliifanyia kazi orodha hiyo hiyo kila siku. Aliyechukua diski ya kumi na nne hakufuata orodha. Alifuata kumbukumbu yake. Alijua kwamba siku ile msituni mlio ulitoka, ila hakujua kwamba kinasa hakikuudaka.

"Siku hiyo nani alikuwa zamu?" aliuliza.

Profesa akafungua daftari la zamu. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Wanafunzi walikuwa likizo. Aliyekwenda na kundi alikuwa mmoja, peke yake. Profesa alisoma jina, akavaa miwani, akalisoma mara ya pili.

"Lakini kama alisikia mlio siku hiyo," alisema taratibu, "mbona hakuniambia?"

Wiki iliyopita Inspekta angeshika pingu palepale. Sasa alibaki ameketi. Aliona aibu kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa umeanza kwenda kiunoni. Jina kwenye daftari la zamu ni dhana tu, na dhana ilikuwa imemlaza mtu sakafuni siku mbili. Akauliza swali jingine: tumbili wanajuaje nani kalia?

Profesa alishangaa kulisikia kwa polisi. Wanajuana kwa sauti, alisema. Ukiwapigia kwa spika kilio cha mtoto mmoja, mama wote wanageuka kumtazama mama wa mtoto yule.

"Na mlio wa nne umewahi kuwapigia kwa spika?"

"Mara nyingi. Wanakuja."

"Wanakuja wapi?"

"Kwenye spika."

"Anayeshika spika ni nani?"

Profesa alilitazama tena jina kwenye daftari la zamu.

Saa tano walikuwa ukingoni mwa msitu, mahali penye njia ya vumbi na uwazi wa nyasi fupi. Kundi lilikuwa upande wa pili, kama tumbili thelathini, wengine wakichambuana manyoya, wadogo wakivutana mikia. Mzee Kimya aliambiwa leo spika itashikwa na koplo, naye akae na Inspekta huku njiani, hatua hamsini kutoka kichaka alichoingia koplo. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini na minane, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alipoisikia amri hiyo hakuuliza kwa nini. Aliingiza mikono mifukoni, akaitoa, akaificha nyuma ya mgongo.

Profesa aliinua kitambaa juu, kumpa koplo ishara. Kichakani koplo akabonyeza.

Ulikuwa mlio mfupi wa sauti mbili, ya kwanza chini, ya pili ikipanda na kukatika. Vichwa thelathini viliinuka pamoja. Viligeuka kuelekea kichakani, vikatulia hapo kidogo. Kisha jike mmoja mzee, mwenye sikio lililochanika, aligeuza uso upande wa njia. Akamwona mzee Kimya. Akashuka kwenye kisiki, akavuka nyasi, na wengine wakamfuata, wadogo wakikimbia mbele. Walikipita kichaka cha koplo bila kukijali. Walimjia mzee, wakamzunguka, wakaketi. Jike mwenye sikio lililochanika alinyoosha mkono, akashika pindo la mfuko wa suruali yake, akachungulia ndani.

Kichakani koplo alibonyeza tena, kwa maana juu ya majani alikiona kitambaa tu, si kinachotokea njiani, na tumbili hawakugeuka hata mmoja. Walikuwa wanamtazama mzee usoni.

"Mwambieni azime," alisema mzee Kimya.

Koplo akaambiwa. Inspekta hakuuliza lolote. Kwa mara ya kwanza katika kesi ile aliuacha ukimya ukae. Profesa ndiye aliyeuvunja.

"Mara ngapi?"

"Zote."

"Zote zipi?"

"Zote, Profesa. Hakuna hata mmoja uliokuwa wao."

Alieleza akiwa amesimama, macho chini, kwa vipande vipande, na Inspekta aliandika. Kiangazi cha miaka tisa iliyopita kilikuwa kikali, kundi likahamia bondeni, na Profesa alikuwa amebakiwa na wiki tatu kabla kituo hakijafungwa. Alikuwa amemgombeza mzee mbele ya wanafunzi kwamba kazi yake ni moja tu, kuleta tumbili, na hata hiyo imemshinda. Kesho yake mzee Kimya alitia punje za mahindi mfukoni, japo sheria ya kituo ilisema anayewalisha wanyama anamwaga unga siku hiyo hiyo. Akajificha, akawaita. Hakuwa na sauti ya kuwaitia, kwa hiyo akawaita kama alivyokuwa akiwaita wanawe nyumbani walipokuwa wadogo. Baada ya siku nne walikuwa wanakuja. Hakujua kwamba kinasa kilichotundikwa mtini kilikuwa wazi.

Jioni Profesa alimfuata mbio, machozi yanamtoka kwa furaha, akamvisha vipokea sauti masikioni, akamsikilizisha. Mzee aliijua sauti yake mara moja. Alitaka kusema. Lakini Profesa alikuwa amemshika mikono yote miwili, anamwambia wewe ndiye umeniletea hiki.

"Hakuna aliyewahi kunishika mikono vile kwa kazi yangu," alisema mzee. "Nikasema nitamwambia kesho."

Kesho hiyo ilikuwa na miaka tisa. Na si kwamba alinyamaza tu. Hilo nalo alilisema mwenyewe bila kulazimishwa. Kila kiangazi Profesa alihitaji milio zaidi, na kila kiangazi mzee aliingia kichakani na mahindi. Alipowasikia watu wa ofisini wakisema wageni watapima koo, alihesabu siku zake zote kichwani, akazitafuta diski kwa tarehe. Ufunguo haukumsumbua. Kila mchana alikula kwa binti yake, na ufunguo ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko.

Inspekta alisimamisha kalamu. Katika maswali yote ya saa nne, hakuuliza ufunguo unakaa wapi ukiwa nyumbani.

"Na alipokamatwa, mzee wangu?"

Jike mzee alikuwa bado ameshika mfuko wake, na mzee Kimya akamwondoa mkono pole pole kama unavyomwondoa mtoto. Alisema kila asubuhi alivaa shati hili, akatoka kuja polisi. Alifika kwenye daraja dogo la barabara kuu. Akarudi. Jana alifika mpaka mlango wa nje, akamwona mtu anayemfahamu, huyo mtu akampa pole kwa yaliyomkuta na binti yake. Akaipokea pole ile, akageuka.

"Niliipokea, afande," alisema. "Nikasema asante."

Profesa alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, sketi yake nzuri na yote. Alizungumza bila kumtazama mtu. Miaka sita iliyopita mwanafunzi mmoja alimwonyesha mchoro wa ile sauti, akasema ni nzito mno kwa koo la mnyama mwenye uzito wa kilo nne. Alimfukuza kwenye chumba mbele ya wenzake, na barua ya kumpendekeza kazini hakumwandikia. Tangu hapo hakuupima tena. Aliogopa, alisema. Sasa alikuwa anajaribu kulikumbuka jina la yule mwanafunzi na halikuja.

Inspekta alimwinua kwa mkono. Naye alijua hofu hiyo inavyofanya kazi. Yeye pia alipopata jibu lililompendeza aliacha kuuliza.

Diski zilikutwa nyumbani kwa mzee, ndani ya pipa la mahindi, zimefungwa kwa mfuko wa nailoni na kufunikwa kitambaa safi. Hakuwa ameharibu hata moja. Koplo alizihesabu, akaziandika, mzee akaweka sahihi. Njiani kwenda mjini Profesa aliomba apitishwe ofisini. Alikuwa na barua ya kuwaandikia wageni na nyingine ndefu zaidi ya kuwaandikia wote waliochapisha kazi yake. Alimuomba mzee Kimya amtajie tarehe zote. Mzee alizitaja dirishani mwa gari, moja baada ya nyingine, bila kukosea, na Profesa akaziandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi alikuwa ameisahau.

Simu kwa mtunza sauti Inspekta aliipiga mwenyewe. Hakumwachia koplo.

Alifika saa kumi jioni, amebadili gauni. Inspekta alitoka nyuma ya kaunta akasimama upande wake, mbele ya askari wote wa zamu, mbele ya watu waliokuja kuripoti mambo yao, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba alimkamata bila ushahidi, kwamba hana hatia na hakuwa nayo tangu mwanzo, na kwamba kosa ni lake yeye, si la askari wake. Maneno yalitoka makavu na mazito. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliniuliza mengi, afande," alisema. "Hukuniuliza kama naijua ile sauti."

"Ungeniambia?"

Alifikiri kweli kweli. "Sijui. Pengine ningekudanganya. Ndiyo maana nilinyamaza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba aliitambua siku yake ya kwanza kazini, miaka minne iliyopita, akiwa amevaa vipokea sauti. Ndiyo sauti iliyokuwa ikiwaita ndani giza likianza kuingia. Akaiandika kwenye orodha, mlio wa nne, na dakika yake. Akaendelea kuiandika miaka minne. Kama kuna uongo, na yeye mwandiko wake umo.

Mzee Kimya alikuwa kwenye benchi la mahabusu, upande wa pili wa mlango wa nondo, peku. Alikuwa amesikia yote. Inspekta alieleza kwamba kwa kosa la namna hii, na vitu vikiwa vimepatikana, anaweza kumpa dhamana leo hii akipata mdhamini mmoja. Mzee alisema hataki. Aliomba, akiongea na ukuta zaidi kuliko na watu, aachwe humu siku mbili kwanza. Mbili kamili. Baada ya hapo wafanye wanavyotaka.

Inspekta aliielewa hesabu hiyo, na kwa sekunde chache aliiona ni ya haki. Alimtazama binti.

Binti alisogea kaunta. Alinyoosha mkono, askari wa kaunta akampa fomu ya dhamana. Akajaza jina, kazi, anwani. Kwenye mstari ulioandikwa uhusiano na mtuhumiwa kalamu ilisimama. Ilisimama muda mrefu, mpaka askari wa kaunta akaanza kumwelekeza kinachotakiwa, na Inspekta akamgusa bega anyamaze. Nyuma ya nondo mzee alikuwa ameinua uso. Ile kalamu ilikuwa imesimama hewani, na yeye alikuwa anaitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Akaandika. Inspekta alikuwa upande wa pili wa karatasi, akalisoma neno kichwa chini: mwanawe.

Mlango wa nondo ukafunguliwa. Mzee hakusogea.

"Vaa viatu," binti alimwambia. "Tunatembea kwa miguu. Watu watuone."